Amri ya Tano na Mtu Aliyechoka Kuishi

Kila mara katekista anapofundisha Amri ya Tano ya Mungu, wakatekumeni husikiliza kwa utulivu. Kuua mtu ni dhambi kubwa: neno hilo si geni kwa mtu yeyote, hata wazee walilijua kabla ya kusikia Injili. Lakini mafundisho yakiisha, na wengine wakichukua vikapu vyao kurudi nyumbani, mara nyingine hubaki mtu mmoja mlangoni pa kapela. Pengine ni mama mwenye mvi. Hungoja mpaka hakuna anayesikia, kisha huuliza kwa sauti ndogo: «Mwalimu, na yule anayejiua mwenyewe? Mwanangu alikufa hivyo. Je, amepotea kabisa?»

Swali hilo ni zito, na ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la marehemu: Eklezya inafundisha nini juu yake? La pili ni la walio hai: je, watu wa kijiji wangaliweza kuona mapema na kumsaidia? Watu wengi hushindana juu ya lile la kwanza na kulisahau la pili. Lakini Amri ya Tano inayashika yote mawili.

Uhai ni amana

Mungu ndiye mwenye uhai. Mwanadamu hakujiumba, wala hakuchagua siku ya kuzaliwa kwake. Uhai amepewa, kama vile mtu anavyokabidhiwa mbuzi wa rafiki yake ili amtunze. Mchungaji mwema hutafuta majani, hufunga zizi, hukesha kwa ajili ya chui. Hata akichoka, hamchinji mbuzi asiye wake. Akishindwa humwita mwenye mbuzi, au humwomba jirani amsaidie. Uhai nao ni hivyo: ni amana, si kitu cha kutupa.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwalimu mkuu wa Eklezya aliyefariki mwaka 1274, alionyesha sababu tatu za kukataza kujiua. Kwanza, kila chenye uhai hupenda kwa asili yake kujilinda. Ajiuaye anapingana na asili hiyo, na tena na upendo unaompasa kujipenda. Pili, kila mtu ni sehemu ya watu wake, kama kidole kilivyo sehemu ya mkono. Ajiuaye anaujeruhi ukoo na kijiji kizima. Tatu, uhai ni zawadi ya Mungu, na Mungu peke yake ana haki ya kuamua mwisho wake. Kwa hiyo Eklezya inafundisha kwamba kujiua ni ubaya mkubwa. Katekista hana ruhusa ya kulipunguza fundisho hilo.

Lakini mama yule mlangoni hakuuliza juu ya tendo. Aliuliza juu ya mwanawe.

Tendo ni jambo moja, mtu ni jambo jingine

Kila mkatekumeni amejifunza kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu: neno lenyewe liwe kubwa, mtu ajue vema kwamba ni baya, na alikubali kwa hiari kamili. Mtu mwenye homa kali hupayuka usiku na kumtukana mama yake. Je, amevunja Amri ya Nne? Kulipokucha mama hamgombezi, anampa uji. Anajua kwamba iliyosema ni homa.

Basi, iko homa ya mwili, na yako pia magonjwa ya akili na ya moyo. Magonjwa hayo hayaonekani kwa kugusa paji la uso, lakini humfunga mtu kweli, hata hiari yake ikabaki kidogo sana. Katekisimu ya Eklezya Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba ugonjwa mkubwa wa nafsi, uchungu, au hofu kuu ya taabu na mateso vyaweza kupunguza hatia ya mtu aliyejiua. Inafundisha pia kwamba haifai kukata tamaa juu ya wokovu wake wa milele, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua mwenyewe za kumpa nafasi ya kujuta. Na Eklezya inawaombea watu hao.

Sheria za Eklezya za mwaka 1917 zilikataza maziko ya kikristu kwa mtu aliyejiua kwa kusudi, ikiwa hakuonyesha dalili ya majuto kabla ya kufa. Sheria mpya za mwaka 1983 hazikuwataja tena watu hao miongoni mwa wanaonyimwa maziko. Si kwamba tendo limekuwa jema. Ni kwamba mwanadamu huona kaburi tu, haoni yaliyopita moyoni.

Husimuliwa habari ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars katika nchi ya Ufaransa, aliyefariki mwaka 1859. Mjane mmoja alimjia na moyo uliovunjika, kwa maana mume wake alikuwa amejiua. Kabla mjane hajafungua kinywa, padri huyo alimwambia kwamba mume wake alipata nafasi ya kujuta mwishoni kabisa, na kwamba asiache kumwombea. Basi, mama yule mlangoni pa kapela ajibiwe vivyo hivyo: asihukumu, asikate tamaa, amwombee mwanawe, naye Padri atamtolea Misa.

Je, maneno hayo hayafungui mlango?

Hapo mzee mmoja atasimama na kusema: «Mwalimu, maneno hayo hayatawapa vijana ruhusa? Zamani, mahali pengi, aliyejiua alizikwa bila matanga, ili wengine waogope.»

Mzee huyo asidharauliwe. Wahenga walitaka kuwalinda watu wao, na nia yao ilikuwa njema. Lakini itazamwe kazi inayofanywa na aibu. Aibu haimzuii mtu kuumia moyoni. Inamzuia kusema kwamba anaumia. Mtu ambaye wazo la kufa limeanza kumtembelea usiku, akisikia majirani wakimcheka marehemu na kuwatukana wafiwa, hujifunza neno moja tu: kunyamaza. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa ugonjwa huu, mara nyingi si mgonjwa anayependa kuficha. Majirani ndio waliomfundisha kuficha.

Kwa hiyo yako maneno mawili, na yote mawili ni ya kweli. Kwa wafiwa yasemwe maneno ya rehema: Mungu anamjua mtoto wenu kuliko mnavyomjua. Kwa aliye hai anayeteswa yasemwe maneno ya kumshika mkono: ndugu, usiende, kuna njia nyingine, nasi tutaitafuta pamoja nawe. Faraja aliyopewa mjane wa Ars ilikuwa dawa ya mjane. Haikuwa ruhusa kwa mtu mwingine. Anayewapa wafiwa vitisho, na kumpa mgonjwa kimya, amekosea dawa mara mbili.

Mzigo unaomlemea mtu

Watu husema, «Alijiua kwa sababu ya deni,» au, «Kwa sababu ya mke.» Mara chache sababu huwa moja. Mtu atokaye sokoni na gunia kichwani huweza kuongezewa mzigo kidogo, akaendelea. Lakini gunia likizidi uzito, hawezi kulitua peke yake. Hutafuta mtu njiani wa kumtua. Asipomwona mtu, na giza likiingia, hufika saa ambapo haoni tena njia wala nyumba, huona shingo yake tu. Ndivyo alivyo mtu anayetaka kufa. Mara nyingi hachukii uhai. Anataka uchungu ukome, na haoni mtu wa kumtua.

Mizigo yenyewe ni mingi. Uko ugonjwa wa huzuni nzito, ambao si uvivu wala ukosefu wa imani, nao huwapata hata watu wenye kusali. Iko pombe kali, kama lutuku, inayozidisha huzuni na kuondoa busara saa ile mtu anapoihitaji. Yako maradhi ya muda mrefu na maumivu yasiyokoma. Kuna kufiwa, kuvunjika kwa ndoa, deni, shamba lililoharibika, kushindwa mtihani, mimba inayofichwa, aibu ya kushtakiwa mbele ya watu. Wako waliopigwa au kutendewa jeuri mwilini, na wazee waliofukuzwa kwa kuitwa wachawi. Na tangu mwaka 1996 mashariki ya Kongo imeona vita juu ya vita: watu wengi wamekimbia makwao, nao wamebeba moyoni mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Tena, aliyekwisha kujaribu kujiua mara moja yumo katika hatari kuliko wengine, asiachwe peke yake.

Wengine husema kwamba jambo hili ni la watu wa mbali, au la matajiri wasio na kazi. Sivyo. Kadiri ya hesabu za Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mwaka 2021 watu 727,000 hivi walijiua duniani, na karibu watatu katika kila wanne walikuwa wa nchi maskini na za uchumi wa kati. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo.

Wengine tena husema ni laana au uchawi, na mara wanatafuta mtu wa kushtaki. Hivyo kijiji kilichopoteza mtu mmoja kinampoteza wa pili.

Lakini jambo hili likumbukwe: watu walio wengi wenye mizigo hiyo hawajiui. Mzigo si hukumu. Ni sababu ya kumwangalia jirani kwa upendo.

Ufa unaoonekana ukutani

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mara nyingi nyufa huonekana kabla nyumba haijaanguka, ila watu hupita bila kutazama.

Ufa wa kwanza ni maneno. Mtu husema kwamba amechoka na dunia, kwamba heri asingalizaliwa, kwamba yeye ni mzigo kwa watoto wake, kwamba karibu watapumzika naye. Kuna wanaosema, «Anayetangaza hatendi.» Huo ni uongo wenye hatari. Wengi waliojiua walikuwa wamesema, kwa wazi au kwa fumbo, na hakuna aliyewashika mkono.

Ufa wa pili ni matendo. Mtu hujitenga na wenzake, haji tena kwenye sala wala kwenye kazi ya pamoja, hali, halali, au hulala mchana kutwa, haogi, anazidisha pombe, anakasirika bila sababu. Mwingine hugawa vitu alivyovipenda, hulipa madeni kwa haraka, huaga watu kama mwenye safari ndefu, au hutafuta kitu cha kujidhuru.

Ufa wa tatu huwadanganya hata wenye macho: mtu aliyekuwa na huzuni nyingi anatulia ghafula, bila jambo lolote kubadilika. Jamaa hufurahi na kumwacha. Pengine amepata nafuu kweli. Pengine amekwisha kukata shauri moyoni. Siku hizo jirani mwema hazidishi furaha, anazidisha kutembelea.

Nyufa hizi hazionyeshi kwa hakika nani atakufa. Zinaonyesha tu kwamba ni saa ya kuuliza.

Wajibu wa jirani

Watu huogopa kuuliza. Hufikiri kwamba wakitaja kifo, watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wenye kujifunza mambo haya wanafundisha kinyume: kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo la kufa, humpunguzia upweke. Basi jirani amchukue kando na kumwambia wazi: «Ndugu yangu, naona umebadilika. Je, umefikiri kujiua?» Akijibu ndiyo, asimkemee, asimhubirie haraka, asimwambie wengine wana taabu kubwa kuliko yake. Asikilize mpaka mwisho.

Kisha asiondoke. Hatari ikiwa karibu, mtu huyo asibaki peke yake hata usiku mmoja. Vitu vya hatari viondolewe nyumbani: dawa kali za shambani, silaha, vidonge vingi. Saa ya kishindo mara nyingi haidumu, na mtu akivushwa katika saa ile aweza kupona kabisa. Tena apelekwe, yaani aongozane na mtu, siyo aelekezwe tu, mpaka dispensari au hospitali, kwa maana huzuni nzito ni ugonjwa wenye dawa na matibabu. Padri aitwe pia. Sala na dawa hazigombani. Mungu ndiye aliyewapa waganga akili yao. Na mgonjwa akiomba siri, jirani amjibu kwa ukweli kwamba hatamtangaza kijijini, lakini siri ya kifo haishikiki: lazima amwambie mtu atakayesaidia.

Maandiko Matakatifu yanafundisha njia hiyo. Nabii Elia, mtu wa Mungu, alimkimbia malkia Yezabeli mpaka jangwani, akakaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumgombeza. Alimtuma malaika na mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili akampa chakula, kwa maana safari ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Baadaye Mungu alimjulisha kwamba hakuwa peke yake, kuna watu 7,000 walio waaminifu, akampa Elisha kuwa mwenzake. Chakula, usingizi, mwenzake: ndivyo Mungu alivyomtua Elia mzigo.

Na Yuda je? Alipoona ubaya wake, alirudisha vile vipande 30 vya fedha, akaungama mbele ya makuhani wakuu kwamba amekosa. Wao wakamjibu kwamba neno hilo haliwahusu. Akatoka peke yake. Petro naye alimkana Bwana wake, akalia kwa uchungu. Lakini siku ya tatu alikuwa pamoja na wenzake. Yuda alikosa kutumaini huruma ya Yezu, ni kweli. Lakini kila msomaji ajiulize pia juu ya wale makuhani: mtu aliwajia na moyo uliopasuka, nao wakasema haiwahusu. Mkristu asijibu hivyo kamwe.

Na yule anayesoma maneno haya huku yeye mwenyewe akiwa ndiye aliyechoka, ajue kwamba hayakuandikwa kumshtaki. Wazo linalomjia si laana wala si mwisho wa imani yake. Leo hii, kabla ya usiku, amtafute mtu mmoja: mama, rafiki, katekista, muuguzi, Padri. Amwambie kwa maneno machache, «Nimechoka kuishi, nisaidie.» Wa kwanza asipomsikia, amwendee wa pili. Kutuliwa mzigo si aibu. Hakuna aliyezaliwa bila kubebwa na mtu.

Usiku wa Filipi

Usiku mmoja katika mji wa Filipi, Paulo na Sila walikuwa wamefungwa gerezani. Nchi ikatetemeka, milango ikafunguka. Mlinzi wa gereza akaamka, akadhani wafungwa wamekimbia. Kwa hofu na aibu akachomoa upanga ili ajiue. Paulo, aliyepigwa na kufungwa miguu, angaliweza kufikiri nafsi yake tu. Lakini alipaza sauti gizani, akamwambia asijidhuru, kwa kuwa wote walikuwapo. Mlinzi akaomba taa. Saa ile ile ya usiku akawaosha majeraha yao, akasikiliza neno la Bwana, akabatizwa pamoja na jamaa yake yote.

Basi, mtu yule aliyekuwa ukingoni mwa kifo akawa mkatekumeni na mkristu katika usiku mmoja, kwa sababu mtu mwingine alipaza sauti kumjulisha kwamba hakuachwa peke yake. Amri ya Tano yatimizwa hivyo. Mkono usioua ni mwanzo wake tu. Sauti inayoita gizani ni utimilifu wake.

Maswali ya kukumbuka

Je, mtu ana ruhusa ya kujiua? — Hapana. Uhai ni amana ya Mungu.

Je, yafaa kusema kwamba aliyejiua amepotea milele? — Haifai. Mungu peke yake anaujua moyo wake, sisi tunamwombea.

Wafiwa watendewe namna gani? — Watembelewe na kufarijiwa kama wafiwa wengine wote, bila masengenyo.

Ukiona dalili kwa jirani yako, utafanya nini? — Nitamwuliza kwa upole, nitamsikiliza, sitamwacha peke yake, nitamsindikiza kwa mganga wa hospitali na kwa Padri.

Na ukiwa wewe ndiye unayeteswa na wazo hilo? — Sitanyamaza. Nitamwambia mtu leo.